Mlango wa Duka la Vioo

Kijiwe chenyewe kilikuwa kwenye kona ya barabara ya soko na uchochoro wa mafundi baiskeli, mbele ya kibanda cha kinyozi. Palikuwa na benchi moja refu la mbao, jiko la mkaa la Shangazi, birika kubwa lililoungua tako, na ndoo ya bluu iliyopinduliwa. Benchi liligusa ukuta kwa ncha moja tu, na aliyekalia ncha hiyo ndiye pekee aliyepata pa kuegemeza mgongo. Kwa miaka sasa alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mtu mwenye kiuno kibovu na sauti nzima. Kwa sababu ya ule ukuta tu, wala si kwa kura wala kwa busara, wakamwita Mwenyekiti. Ndoo nayo ilikuwa ya wakosaji. Ukikamatwa na uongo, ukinywa kahawa ya mwenzako, au ukileta habari ambayo kila mtu ameshaisikia, unahukumiwa kuikalia mpaka birika likauke, na ndoo ile ilikuwa na ufa unaojua kubana nyama.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, Mwenyekiti alikuwa ukutani pake, kofia ya pama imeshushwa hadi kwenye nyusi, mfuko wa kitambaa ukiwa katikati ya miguu. Alikuwa ameubana kwa visigino utadhani una kuku hai. Ndani ya mfuko, juu, kulikuwa na gazeti. Chini ya gazeti kulikuwa na mkate. Na mkate ule, ukionekana tu, ungemtoa ukutani moja kwa moja na kumweka kwenye ndoo.

Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na ghala la magodoro, palikuwa pamefunguliwa duka. Si duka la sabuni na viberiti, la hasha. Hili lilikuwa la vyakula vya watu wanaochagua: jibini za kila umbo, zeituni za kijani na nyeusi, asali zilizoandikwa jina la ua ambalo nyuki alilitembelea. Kampuni yake ilikuwa na maduka kama hayo katika miji yote mikubwa, na sasa ilikuwa imeanza kuteremkia miji ya wastani kama huu. Upande unaotazama kijiwe waliweka vioo vitupu kutoka chini hadi juu, wakavibandika picha za matunda zenye ukubwa wa milango. Mlango wa kweli waliupeleka upande wa nyuma.

Walipotundika tangazo kwamba ndani kutakuwa na kona ya kahawa, Mwenyekiti alisimama bila hata kujishika kiuno.

— Hawa wanataka kumlaza Shangazi njaa, alinguruma. Kuanzia leo, mtu wa kijiwe hiki haingii mle. Haingii, hachungulii, haulizi bei. Na atakayeingia atakaa kwenye ndoo mwezi mzima!

Wakala kiapo, kila mmoja akigusa birika. Waliligusa haraka, maana lilikuwa linachemka.

Basi bwana, kiapo hakijapoa vizuri, daktari akamwambia mke wa Mwenyekiti aachane na ngano. Mama yule tumbo lilikuwa limemtesa hadi pete ikawa inamvuka kidoleni akiosha vyombo. Na kazi yake ilikuwa nini kabla ya kustaafu? Mwokaji wa mikate. Nusu ya mji ule ilikua kwa mikate ya mikono yake. Viazi alikula, wali alikula, mihogo alikula, wala hakulalamika. Lakini asubuhi alikaa mbele ya kikombe cha chai akakitazama tu. "Chai peke yake ni maji ya moto," alisema, akaiacha ipoe. Mumewe alivumilia asubuhi chache, kisha akavaa kofia ya pama. Binti yao alikuwa amegundua kwenye simu kwamba lile duka la vioo, Jumamosi, huleta mkate usio na ngano.

Mkewe aliutafuna mkate wa kwanza kwa muda mrefu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. "Aliyeuoka huu ana moyo," alisema mwishowe. "Mikono ndiyo hana." Akacheka, akamaliza chai yote. Kuanzia siku hiyo Mwenyekiti hakukosa Jumamosi hata moja. Alipitia uchochoroni, akazunguka nyuma, akanunua, kisha akaja kukaa kijiweni mkate ukiwa miguuni, kwa sababu asipoonekana Jumamosi wangeanza kuuliza yuko wapi.

Sasa birika lilikuwa limechemka, vikombe vimejaa, na Mtandao alikuwa amepata habari. Mtandao aliuza laini na vifuniko vya simu chini ya mwavuli, na alijua mambo kabla hayajatokea.

— Jamani, nimeshajua kwa nini hawa watu wamekuja mjini kwetu.

— Haya, tuambie, alisema Shangazi, akimimina.

— Kila unachoandika kwenye simu kinakwenda kwenye jumba moja lenye baridi kali. Mle kuna mashine inahesabu nani anataka nini. Sasa mashine imegundua kwamba katika mji huu kuna mtu anatafuta chakula cha ajabu, anatafuta, hachoki. Wakubwa wakaambiana: twendeni kule, kuna mteja anateseka.

— Wajenge duka zima kwa mtu mmoja?

Aliyeuliza alikuwa Wembe, kinyozi. Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake na kitana mkononi, huku mteja wake akiwa ndani amenyolewa upande mmoja.

— Mmoja anatosha! Akianza mmoja wanafuata. Na mnajua alikuwa anatafuta nini? Mkate usio na ngano.

Kahawa ikamwingia Mwenyekiti puani. Alikohoa hadi kofia ikacheza, na visigino vyake vikaubana mfuko zaidi.

— Pole, Mwenyekiti, alisema Shangazi. Imepita njia mbaya?

— Imepita... ya moto. Endeleeni.

— Mkate usio na ngano! alicheka Koti. Hiyo ni kama kuniagiza suruali isiyo na kitambaa.

Koti alikuwa fundi cherehani. Jina alilipata kwa koti lake la kijivu ambalo halikuvuliwa kwa jua wala kwa mvua. Kijiwe kizima hakikuwa na mtu aliyewahi kuliona shati lake.

— Upo, alisema Wembe.

— Upo wapi?

— Nasema huenda upo. Mteja wangu mmoja aliniambia.

— Wateja wako wanaongea sana.

— Watafanya nini? Nimewashika kichwa.

Kutoka ndani ya kibanda sauti ikaita: — Wembe! Na huku upande wa pili je?

— Nakuja! Acha nywele zipumzike kwanza.

Koti alivuta koti lake kifuani, ishara kwamba naye anataka kuhutubia.

— Mashine za Mtandao mimi sizijui. Mimi nina futi yangu ya kupimia, na futi haina siasa. Wateja wangu waliohamia miji mikubwa, kila wakirudi likizo, naongeza kiuno. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Sasa hivi nimefika mwisho wa pindo, hakuna tena kitambaa cha kuachia. Maana yake nini? Kule watu wamejaa! Kampuni imeona haiuzi tena, ikasema itafute viuno vipya. Ndiyo wamekuja kwetu. Sisi bado tuna nafasi.

— Wewe una nafasi, alisema Wembe. Mimi angalia.

Akajipiga tumbo. Wakacheka, na Mwenyekiti naye akacheka kidogo, akijua kwamba kicheko chake kimechelewa.

— Nyote mmekosea, aliendelea Wembe, akashuka kizingiti na kukaa kabisa. Hebu fikirini. Katika mji mkubwa, jirani yako hajui umekula nini, tena hata jina lako hajui. Kijijini kila mtu anajua, lakini wote mmekula kitu kilekile. Lakini mji kama huu, wa katikati? Huku ndiko kuna wivu wa kutosha! Mke wa mwalimu mkuu akionekana na jibini Jumatatu, Jumanne mke wa mganga wa zahanati naye anaitaka, hata kama hajui inaliwa au inapakwa. Kampuni haiuzi jibini. Inauza majirani.

Hiyo ilikuwa imesimama vizuri mno, na kijiwe hakikuzoea.

— Hiyo inakaribia ukweli, alisema Mtandao kwa huzuni.

— Ngoja niiharibu, alisema Koti. Na ile jibini yenye matundu?

— Ina nini?

— Mtu anakupimia kwenye mizani, sawa. Lakini yale matundu yana kilichotolewa. Kimekwenda wapi? Ndiyo maana wanataka matawi mengi! Tawi hili wanauza jibini yenye matundu, tawi la mji wa pili wanauza vile vipande vya mviringo vilivyotoka kwenye matundu. Jibini moja, inauzwa mara mbili.

— Vipo! alisema Mtandao. Vimefungwa vitatu vitatu kwenye karatasi nyekundu.

— Umeviona wapi?

— Kwenye... simu. Wameweka picha.

— Siku hizi simu zina kila kitu, alisema Shangazi taratibu, akichochea mkaa.

Hapo ndipo wote wakamgeukia Mwenyekiti. Ilikuwa desturi. Mabishano yakipanda, mwenye ukuta huyafunga kwa kauli. Naye alijua kwamba mtu mwenye mkate miguuni lazima aseme kwa ukali kuliko wote.

— Mimi sitaki hata kulizungumzia duka lile, alisema. Wametuletea dharau tu. Vichupa! Unafungua, unalamba mara moja, kimekwisha. Na hewa yenyewe imejaa harufu. Ukiwa unapita, upande wa kulia kahawa inasagwa, kushoto jibini inanuka kama soksi, mbele...

Alihisi jasho likitafuta njia chini ya kofia.

— Mbele kuna nini, Mwenyekiti? aliuliza Wembe.

— Mbele ya... yaani mbele yetu hapa. Barabarani.

— Harufu ya jibini inafika hapa?

— Upepo, alisema Shangazi. Upepo wa asubuhi huileta. Mimi pia huisikia.

Mwenyekiti alimtazama. Shangazi hakumtazama, alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kuwa kisafi. Mzee wa watu alishukuru moyoni, akaona aibu papo hapo, kwa sababu mwanamke yule ndiye waliyemlia kiapo, na sasa ndiye anayemkinga. Alitaka sana kusema. Angesema nini, na aanzie wapi? Kiapo kilikuwa chake. Ndoo ilikuwa yake. Maneno ya "haingii, hachungulii" yalitoka kwenye mdomo wake mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anazunguka ng'ambo. Alitembea kutoka ncha moja ya vioo hadi nyingine, akagusa picha ya nanasi, akaisukuma kidogo, akarudi nyuma, akavuka barabara. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari, na mkononi alikuwa na kikapu kitupu.

— Shikamoo baba zangu. Shikamoo mama.

— Marahaba, walijibu, hata Mtandao ambaye hakustahili.

— Samahani, mlango wa duka hili uko wapi?

Ungesema kaulizia kaburi la mtu. Wembe aliangalia kitana chake. Koti alifunga kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa. Mtandao alitoa simu, akaitazama, ikiwa imezimwa. Mwenyekiti alishusha kofia mpaka kikabaki kidevu.

— Yaani hamjui? aliuliza mgeni, akitazama benchi, akatazama duka, akatazama tena benchi. Si mnakaa mbele yake hapa?

— Tunakaa, alisema Wembe. Lakini tunatazama pembeni.

— Sisi si watu wa humo, mama, alisema Koti.

— Haya. Basi nitauliza mbele. Mgeni akapangusa jasho. Natoka mji wa pili, kule duka hili halijafika bado. Nimekuja na basi la alfajiri. Nina binti, yuko darasa la pili, daktari amemkataza ngano. Nimeambiwa mkate wake upo hapa. Wenzake wakitoa mkate saa ya mapumziko, yeye anajifanya hana njaa. Mwalimu wake ndiye aliyeniambia. Yeye mwenyewe hasemi.

Alisema bila kulia wala kujililia, kama mtu anayeeleza njia. Akageuka kwenda.

Mwenyekiti aliendesha basi la shule karibu maisha yake yote ya kazi. Watoto wanaojifanya hawana njaa aliwajua; walikaa viti vya dirishani na kutazama nje wenzao wakifungua vifurushi. Halafu akamwona mkewe mbele ya kikombe, chai inapoa. Akavua kofia.

— Mama, subiri.

Mgeni akasimama.

— Zunguka hapo kwa mafundi baiskeli. Utaona maegesho ya magari. Mlango una mpini mrefu wa chuma. Wameandika vuta, lakini usivute, utaaibika bure. Sukuma. Ukiingia, nenda moja kwa moja mpaka kwenye asali, kata kushoto. Rafu ya chini.

Kikombe cha Mtandao kilibaki hewani.

— Mwenyekiti, alisema Wembe polepole. Wewe umejuaje kwamba wameandika vuta?

Mwenyekiti akafungua mdomo. Lakini Koti alikuwa ameshainua kidole, kwa maana Koti hakuwahi katika maisha yake kuvumilia kipimo kisicho sahihi.

— Siyo kwenye asali! Walihamisha. Sasa mkate uko baada ya zeituni.

— Zeituni zipi? alidakia Wembe. Za kijani au nyeusi? Nyeusi wamezipeleka kwa mafuta.

— Hizo ni za kopo, alisema Mtandao. Za kupima kwa kijiko bado ziko kwa...

Hapo wote watatu wakajisikia. Kutoka kibandani yule mteja wa upande mmoja akasema kwa sauti ya kutosha:

— Heee!

— Wewe nyoa kichwa chako! alifoka Wembe, ingawa hilo halikuwezekana.

Mgeni aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Shangazi akaweka birika chini.

— Usijisumbue kwenda, mwanangu, alimwambia. Mkate wa leo umekwisha. Wa mwisho nimemwona Mwenyekiti akiuchukua kwa macho yangu. Umo kwenye mfuko huo anaoubana.

— Shangazi! Mwenyekiti alipigwa na butwaa. Umeniona ukiwa wapi?

— Nilikuwa nyuma ya rafu ya buni. Nilipokuona nikakimbia bila kununua.

— Buni? Wewe? Mle ndani?

— Kwani mnakunywa nini tangu yule mfanyabiashara wangu wa buni ahame? Kila asubuhi mnaniambia, Shangazi, kahawa ya mle ndani haiwezi kuifikia hii yako hata kidogo. Mimi nifanyeje? Nawashukuru.

Wembe aliweka uso kwenye mikono, mabega yakaanza kutikisika. Koti akafuata, na Mtandao. Kicheko kilianzia chini kikapanda, mpaka fundi baiskeli mmoja akatoka uchochoroni kuangalia kuna nini. Mwenyekiti peke yake hakucheka bado. Alikuwa ameinama, anafungua mfuko. Alitoa gazeti, akatoa mkate, akauweka juu ya benchi mbele ya watu wote. Ulikuwa mdogo, wa rangi ya udongo, umefungwa kwa karatasi yenye picha ya shamba.

— Mke wangu naye amekatazwa ngano, alisema. Mnamjua alikuwa nani, wote mmekula mikate yake. Ndiyo maana naingia. Nilitaka kuwaambia, nikashindwa. Leteni kisu.

— Tumia wembe wangu, alisema Wembe.

— Wembe wako umepita kwenye mba ya mji mzima. Shangazi, kisu.

— Na changu kimetoka kukata maandazi, alisema Shangazi, akikiangalia. Hakifai kwa mtoto huyo. Ngoja.

Akakisugua kwa maji na majivu, akakimwagia maji ya birika yanayochemka, akakifuta kwa leso safi aliyoitoa kifuani, ndipo akampa. Mwenyekiti akakata kwa uangalifu, katikati, akafunga nusu moja kwenye karatasi yake na kumpa mgeni.

— Mpelekee binti. Jumatatu saa ya mapumziko naye afungue kifurushi.

Mgeni akaanza kufungua pochi. Mwenyekiti akatikisa kichwa mpaka akaifunga.

— Na mama wa nyumbani kwako je? aliuliza mgeni. Nusu itamtosha?

— Itafika Jumatatu. Halafu atangoja Jumamosi. Ameshazoea. Hata mkate mzima huisha Jumanne.

— Angoje Jumamosi ya nini? aliuliza Koti. Si wanaleta na Jumatano?

Mwenyekiti akamgeukia.

— Jumatano?

— Kila Jumatano mchana. Unajaa rafu nzima, hakuna hata wa kuugombea. Nimeuona mara ngapi, nikiwa nafuata... aa, nafuata zile zeituni.

Mwenyekiti akaitazama ile nusu ya mkate iliyobaki. Alikuwa anapiga hesabu ya asubuhi zote za Alhamisi na Ijumaa, mkewe akisogeza kikombe, akisema leo hana hamu. Wiki kwa wiki alikuwa akinyata na kofia yake kwa ule mlango, na mtu mwenye jibu alikuwa amekaa naye benchi moja, bega kwa bega, naye akinyata. Neno moja tu lingetosha. Ilimuuma, naye akasema wazi.

— Jamani, inaniuma. Inaniuma kweli.

— Na sisi, alisema Koti. Tungejua.

Mgeni alikuwa ameshika kifurushi kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umefunguka.

— Basi na mimi nitakuja Jumatano. Mungu awaweke. Lakini nisaidieni jambo moja, nielewe. Kama nyote mnaingia, mlikuwa mnamficha nani?

Wakatazamana. Mtandao alimtazama Wembe, Wembe akamtazama Koti, Koti akamtazama Shangazi, na Shangazi akawatazama wote. Mgeni hakungoja jibu. Basi lake lilikuwa linapiga honi stendi. Akaaga, akashika njia, kikapu begani.

Mwenyekiti alinyanyuka. Aliliacha benchi, akaenda kwenye ndoo ya bluu, akaikalia mwenyewe bila kuhukumiwa. Ufa ukambana, akakunja uso.

— Rudi ukutani, mzee, alisema Wembe. Kiuno hicho.

— Sheria ni sheria.

— Basi sote ni wa ndoo, na ndoo ni moja!

— Tutapokezana. Naanza mimi.

Koti alimtazama kwa muda akijaribu kukaa vizuri na kushindwa. Kisha akafungua vifungo, kimoja, cha pili, mpaka cha mwisho, akalivua koti. Shati lake lilikuwa la njano, lenye maua makubwa ya zambarau. Akalikunja koti mara nne, akamwinua Mwenyekiti kwa kwapa, akaliweka juu ya ufa.

— Kaa sasa.

Mwenyekiti akakaa, na safari hii akatabasamu. Akachukua chembechembe na kipande chembamba kilichobaki kwenye benchi wakati wa kukata, akawagawia. Wakatafuna. Walitafuna kwa heshima, kisha kwa bidii, kisha kwa wasiwasi.

— Hm, alisema Mtandao.

— Kama boksi la viatu, alisema Wembe. Samahani, Mwenyekiti, lakini kweli. Mama yetu anakula huu siku zote?

— Siku zote akiupata.

— Na wewe unakula ule wa kawaida, laini.

— Nikae naye meza moja, nitafune mkate laini mbele yake? Mwenyekiti alitikisa kichwa. Nakula huuhuu. Tena namwambia umekolea.

Wembe alimeza kipande chake. Shangazi aligeuka upande, akajifanya anatafuta sukari, akakaa hivyo kidogo.

— Mimineni tena, alisema Koti hatimaye, akikuna mkono wake wa njano. Huu hauteremki mkavu.

Shangazi akainua birika, akalitikisa. Halikulia kitu. Akafungua kopo la buni, akaligeuza juu chini. Zikaanguka punje mbili, zikabingirika barabarani.

— Imekwisha. Nani anakwenda kuniletea buni?

Kijiwe kizima kikasimama kwa pamoja. Wembe akachomeka kitana mfukoni, Mtandao akafunga mwavuli, Koti akajinyoosha ndani ya maua yake, na Mwenyekiti, mkono mmoja kiunoni, akatangulia kuelekea kwa mafundi baiskeli, akiwakumbusha kwa sauti nzima kwamba ule mlango unasukumwa. Kutoka kibandani sauti ikawafuata:

— Wembe! Kama unakwenda, niletee zeituni! Nyeusi!

Kofia ya pama ilibaki juu ya benchi, pale penye ukuta, na hakuna aliyerudi kuifuata.